Pesa ya Harusi Tuliyokula

Nianze kwa kukiri. Kuanzia mwezi wa nane mwaka 2023 hadi mwezi wa pili uliofuata, nyumba yangu ilikula harusi ya binti yetu. Sisemi kwa mafumbo. Pesa niliyoanza kuiweka tangu akiwa na miaka mitatu, pesa ambayo sote nyumbani tuliiita "ya harusi", tuliitoa tukanunua unga wa posho, maharage, chumvi, sabuni na madaftari. Iliisha yote. Mwenyewe alikula pamoja nasi, akijua anachokula.

Tangu wakati ule nina swali ninaloligeuzageuza kichwani nikiwa kwenye cherehani yangu pale Base Camp. Mzazi ana haki gani juu ya pesa aliyomwekea mtoto? Na nyuma ya swali hilo kuna lingine: kuna maana gani kumwekea mtoto pesa ya harusi hapa Nakivale, mahali ambapo mtu hajui hata mgao wa mwezi ujao utakuwaje? Sisi wakaaji wa kambi tutaona swali la kwanza ndilo zito, la pili ni la mchezo. Ninyi mnaofanya kazi katika mashirika labda mtaona kinyume. Naomba pande zote mbili zinisikilize.

Kopo na mbuzi

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi nimeiona ikioza.

Baba yangu alikuwa akiuza ndagala sokoni Uvira. Msimu ukiwa mzuri, zile siku za giza la mwezi ambapo mitumbwi inarudi imejaa, alikunja noti moja au mbili akazitia katika kopo la NIDO lililokaa juu ya kabati. "Hii ni ya mke wako," alikuwa akiniambia. Nilikuwa na miaka minane, nikikimbilia nje kwa aibu.

Noti zikaongezeka, lakini bei za vitu zikaongezeka kwa haraka zaidi. Wanaokumbuka Zaire ya miaka ile hawahitaji kuelezwa. Serikali ilichapa noti kubwa, halafu kubwa zaidi, mpaka ikaja ya milioni tano. Kisha mwezi wa kumi 1993 wakaleta zaire mpya: moja mpya kwa milioni tatu za zamani. Baba alikuwa na milioni tisa ndani ya kopo. Akapewa tatu. Alirudi nyumbani amezishika mkononi, akaketi, asiseme kitu. Miezi mingi alikuwa milionea, na siku ile ndipo tulipojua umilionea wake ulikuwa nini.

Babu alimcheka. Akiba ya babu ilikuwa mbuzi. "Mbuzi wangu," alisema, "serikali haiwezi kumkata sifuri." Maneno mazuri. Miaka mitatu baadaye, 1996, vita vikafika Uvira, na watu wenye bunduki wakawachinja mbuzi wale kwa siku mbili. Akiba ya baba ilioza, ya babu ikaliwa na wageni.

Kwa hiyo mimi nilioa bila kopo na bila mbuzi. Ilikuwa 2005, hapa hapa Nakivale, mwaka mmoja baada ya kufika. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, ile ya 1987, inataka mahari yakubaliwe na walau sehemu yake ilipwe kabla ndoa haijafungwa. Na hata kama sheria isingetaka, baba mkwe angetaka. Kwetu mahari huhesabiwa kwa ng'ombe hata pale ambapo hakuna ng'ombe wa kuonekana. Nilitoa shilingi nilizokuwa nazo, watu wa kwetu wakachanga, jirani Mnyarwanda akatuazima sufuria kubwa, Msomali mwenye duka akatupa mchele kwa deni. Bado ng'ombe mmoja akabaki. Baba mkwe akasema: "Huyo tutamwita ng'ombe wa maneno. Utamleta siku utakayopata." Mzee yule amekwisha kufa, Mungu amlaze pema, na ng'ombe yule angali wa maneno.

Unamwekea, unamweka

Mwaka 2010 tulipata mtoto wa pili, mvulana. Wiki ile ile nilianza kutia shilingi mia tano katika droo ya cherehani. Nilifikiri: huyu asije akaanza maisha yake na ng'ombe wa maneno kama mimi. Mama watoto akaniona, akauliza pesa hizo ni za nini. Nikamweleza. Akauliza tena: "Na huyu dada yake?"

Dada mtu alikuwa na miaka mitatu, ameketi chini akicheza na vipande vya kitenge nilivyokata.

Nikajibu kama wanaume wa kwetu tunavyojibu, bila kufikiri: "Huyu si ataleta?"

Alinyamaza akiendelea kuchambua maharage. Nilidhani yamekwisha. Halafu akasema, wala hakuinua kichwa: "Kumbe mtoto mmoja unamwekea, mwingine unamweka."

Ni herufi moja tu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mvulana nilikuwa namwekea. Pesa ilimngoja yeye. Msichana nilikuwa namweka, kama babu alivyoweka mbuzi, na yeye ndiye aliyeingojea pesa. Nilimpenda, hilo sina shaka nalo; nilimbeba mgongoni usiku wote alipokuwa na malaria. Lakini mtu anaweza kumpenda mtoto na papo hapo kumhesabu. Hata mbuzi wake babu aliwapenda, kila mmoja alikuwa na jina.

Tangu wiki ile pesa zikawa mbili, ya mvulana na ya msichana, sawa kwa sawa. Mwaka 2014 tulipoingia katika kikundi cha akiba, kila mtoto akapata kitabu chake. Wanaokijua kikundi wanajua mambo yake: mnakutana Jumamosi, kisanduku cha chuma kina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na kisanduku chenyewe kinakaa kwa mtu wa nne. Hisa yetu ni shilingi 2,000. Mtu ananunua hisa moja mpaka tano, anagongewa muhuri kitabuni. Mwisho wa mwaka mnafungua, mnagawana pamoja na faida ya mikopo, mnaanza upya.

Hapo pana mtihani ambao wafundishaji wa akiba hawautaji sana. Kila Desemba harusi ya mtoto inarudi mkononi mwako, pesa taslimu, Krismasi iko mlangoni na viatu vya watoto vimetoboka. Tuliihamishia katika mobile money ya mama watoto. Namba ya siri anaijua yeye peke yake, kwa sababu mimi najijua.

Nguo ya mtu usiyempima

Mzee mmoja jirani yetu hakuyapenda haya. Ni mtu ninayemheshimu, alikuwa mwalimu huko Fizi. Siku moja alikuja kurekebisha suruali, akaniuliza: "Weye fundi, unaweza kushona nguo ya mtu usiyempima?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hiyo pesa ya harusi unaishonea nani? Unajua kama ataolewa? Unajua ataolewa na nani, wapi? Labda mtaitwa kwenda Marekani, aolewe huko kwa desturi msizozijua. Labda atataka kuwa sista. Wewe umekwisha kumwandikia safari, na nauli umemkatia. Mtoto anayekua akisikia 'pesa yako ya harusi, pesa yako ya harusi', siku atakayokataa kuolewa atajiona mwizi."

Nilikosa jibu siku ile, na sitaki kujifanya kwamba nilikuwa nalo. Mzee alisema kweli. Pesa yenye jina ni amri inayongoja wakati wake. Ukiiita ya harusi, umekwisha kumwambia mtoto unachomtarajia, hata kama hukukusudia.

Jibu lilinijia baadaye, msimu wa kushona sare za shule. Sare ya mtoto haishonwi kwa kipimo cha leo tu. Fundi anaacha pindo nene chini, vidole vinne hivi, na mzazi asipoona pindo hilo anauliza. Mtoto akirefuka unalifumua, sketi inashuka. Sijui atarefuka kiasi gani. Ninajua tu kwamba atarefuka. Nikamwambia Mzee: sishoni nguo ya harusi, naacha pindo. Akacheka, akasema, "Haya, lakini pindo haliitwi harusi." Hapo pia alinishinda.

Safu ya tatu

Niongee kidogo na ndugu zetu wa mashirika. Miaka kadhaa iliyopita tulikaa katika semina ya kupanga bajeti. Kijana mpole, sitamtaja yeye wala shirika lake, alichora safu tatu ubaoni: ya lazima, muhimu, anasa. Tukaambiwa tutaje matumizi yetu naye anayaweka mahali pake. Mama mmoja akasema harusi. Kijana akaiandika katika safu ya tatu, chini ya pombe.

Watu hawakubisha, kwa adabu. Lakini nyumbani tulibisha sana.

Ndugu zangu, mjue kwamba mtu aliyekimbia amepoteza kwanza wanaomjua. Nyumba inaweza kujengwa kwa udongo katika wiki mbili. Wanaokujua hawajengwi hivyo. Harusi ndiyo siku ambayo watu wa Kivu, wa Burundi, wa Rwanda, wa Somalia wanakaa chini ya turubai moja na kuona: kumbe huyu ni mtoto wa fulani, na yule ndiye mjomba. Michango inaandikwa katika daftari. Aliyetoa 5,000 ameandikwa, na siku yake ikifika daftari linafunguliwa. Wengi wetu tukiugua usiku tunampigia mtu ambaye jina lake limo katika daftari la harusi. Sisi tusio na hati nyingi za serikali yoyote, ushahidi wetu ni watu waliokula kwetu.

Hata hivyo na sisi tusijidanganye. Ziko harusi hapa ambazo kweli zinastahili kuwa chini ya pombe. Vitenge vya sare watu wazima thelathini, keki ya ghorofa kutoka Mbarara, spika mbili kubwa, na Jumatatu bwana harusi anajificha mwenye duka asimwone. Ninashona vitenge hivyo na ninalipwa, kwa hiyo nasema kwa sauti ndogo. Kumwekea mtoto pesa ya mashindano ni kumwachia deni lililovaa nguo nzuri. Hiyo sikuitaka, wala sidhani kwamba wazazi wengi wanaoweka kidogo kidogo ndiyo wanayoitaka.

Mtu aliyekuja na maneno mazuri

Kitabu cha mvulana kilikwisha mapema. Mwaka 2020 mgao ulipopunguzwa kwa asilimia 30, na corona ikafunga soko, tulikila. Haikutuuma sana. Leo najua kwa nini: wakati ule hakuna mtu aliyekuja kutuuliza bei ya mvulana.

Mwaka 2023 watu walipangwa katika makundi matatu, kadiri walivyohesabiwa kuwa na shida. Sisi tulitiwa kundi la tatu, lisilopata kitu, pengine kwa sababu ya cherehani. Tulikuwa watu sita. Wateja nao walikuwa wamepungua, maana mtu ambaye mgao wake umekatwa hashoni gauni.

Mwezi wa nane akaja mtu. Ni mfanyabiashara wa samaki wa ziwa letu hili, anawapeleka Mbarara, ana pikipiki yake. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alikuja na wazee wawili, wakapiga hodi kwa heshima, wakakaa. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Binti yetu alikuwa na miaka 16, yuko Senior Two.

Mzee mmoja akasema: "Hatuombi harusi sasa, tunajua mtoto anasoma. Tunafunga mlango tu, wengine wasipite." Wakaweka mezani maneno yao: shilingi milioni mbili za kutangulia katika mahari, mbuzi wawili, na gunia la unga kila mwezi mpaka afikishe miaka 18. "Tunajua hali ilivyo," akamalizia, na macho yake yakaenda kwenye jiko letu lililokuwa baridi.

Sheria nilizijua. Katiba ya Uganda inasema miaka 18. Sheria ya kwetu Kongo ya kumlinda mtoto, ya mwaka 2009, inakataza hata uchumba wa mtoto, sembuse ndoa. Nilizisikia katika semina, nikapewa na soda. Lakini usiku ule sheria ilikuwa mbali na gunia lilikuwa karibu. Nitasema ukweli kwa sababu bila ukweli makala haya hayana kazi: nilihesabu. Nililala chali nikihesabu. Magunia ishirini na mawili hadi atimize 18. Milioni mbili. Hata ng'ombe wa maneno nilimhesabu. Ningempeleka hatimaye kwa ndugu wa mke wangu. Niligundua kwamba ile herufi moja niliyodhani nimeijifunza mwaka 2010 ilikuwa imedondoka tena. Nilikuwa namweka.

Mama watoto hakulala pia. Alisema tu, "Tuna 870,000."

Nyumba zetu mnazijua, ukuta haufichi neno. Asubuhi binti akaja amesimama mlangoni na sare yake.

"Papa, ile pesa ya harusi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Kama ni yangu, mbona mlikuwa mnahesabu ya yule mtu?"

Sikuwa na la kusema. Mama yake akamwambia akae. Tukamwonyesha kitabu na salio la simu. Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa yeye mwenyewe, na nina aibu kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Akafikiri kidogo, akasema: "Lipeni ada ya muhula. Inayobaki tule."

Wale wazee walipewa jibu lao, kwa heshima kama walivyokuja. Jumamosi nikaenda kikundini kuomba hisa za mwaka ule kabla ya kugawana. Kwa sheria zetu anayetoa mapema anarudishiwa alichoweka bila faida, na anaulizwa sababu mbele ya wote. Mwenyekiti, mama mmoja mcheshi, akasema: "Haya, harusi imefika! Mbona hatukupata kadi?"

"Hapana, Mama. Natoa ili isifike."

Wakacheka. Halafu kimya kikaingia, na nikaona akina mama wawili watatu wameinamisha macho.

Kuna kula na kula

Sasa nirudi kwenye swali langu. Je, nilimdhulumu? Niliweka kwa ajili ya jambo moja, nikatumia kwa jingine. Kwa hesabu ya kijana wa safu tatu labda nilifanya vema, chakula ni cha lazima. Kwa hesabu ya kwetu nimekula mali ya mtoto, na mla mali ya mtoto ana jina baya.

Ninavyoona, kuna kula na kula. Ukila mahari kabla ya wakati, umekula kitu chenye mwenyewe. Atakuja kukidai, na atakachokidai ni mtoto. Na hata baada ya ndoa ulaji ule unaendelea kumfunga. Tunawajua wanawake waliopigwa wakarudi nyumbani, wazazi wakawarudisha kwa mume kwa sababu mahari yalikwisha liwa na hakuna cha kurejesha. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Uganda iliamua kwamba kumtaka mke arejeshe mahari ndipo aachike ni kinyume cha katiba. Uamuzi mzuri, lakini baba aliyekwisha kula bado anamwona binti mlangoni na anawaza deni kwanza.

Ukila akiba uliyomwekea mwenyewe, tena akijua, tena akikubali, hakuna wa kuja kudai. Mtoto anabaki vile alivyokuwa jana. Anaweza kuolewa kesho kutwa au asiolewe. Tulichokula ni turubai, mchele, keki labda. Yule mtu alichotaka tule ni neno "hapana" la binti, ambalo bado hakuwa na umri wa kulisema kwa nguvu.

Kwa hiyo pesa ya harusi ilifanya kazi yake, hata kama hapakuwa na harusi. Ilimfikisha kwenye miaka 18 bila kufungwa mlango. Leo naamini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwanzo, ila mimi sikuijua. Nilidhani naweka ili siku ya "ndiyo" yake ipendeze. Kumbe kabla ya "ndiyo" kupendeza, lazima iwe inawezekana kusema "hapana", na katika nyumba yenye njaa "hapana" ina gharama, inauzwa kwa kilo kama unga.

Nisijisifu hata hivyo. 870,000 pamoja na cherehani zilitufikisha mwezi wa pili. Kisha msimu wa sare ukaniletea kazi, tukapumua. Je, sare zisingekuja? Je, njaa ingekaa miezi kumi na mmoja badala ya saba? Ningependa kuandika kwamba ningekataa bado. Sijui. Ujasiri wangu ulikuwa na hesabu yake, na ninaijua mpaka shilingi.

Ndiyo maana nimeacha kusema vibaya juu ya mama mmoja wa mtaa wetu ambaye mwaka ule ule alimtoa binti wa miaka 17. Tulimsema sana kisimani. Sasa najiuliza kisanduku chake kilikuwa na nini. Alichofanya hakikuwa haki, na binti yule ndiye anayelipa. Lakini mimi na yeye tulitofautiana kwa kitabu kimoja cha mihuri zaidi kuliko kwa moyo. Ninyi mnaobandika picha za kukataza ndoa za utotoni, mnafanya vema, endeleeni. Mkumbuke tu kwamba mzazi anapoisoma picha ile ameshika bakuli, na mnapoona mama anaweka 2,000 kila Jumamosi kwa ajili ya harusi ya mtoto wa miaka mitatu, msiiandike haraka katika safu ya tatu.

Na sisi wazazi, nina maneno mawili tu. Tuweke, hata kama ni kidogo, kwa msichana kama kwa mvulana, maana asiyewekewa anawekwa. Na mtoto akifikia umri wa kuelewa, aonyeshwe kitabu. Akiba anayoifahamu mzazi peke yake bado ni ya mzazi, hata iandikwe jina la nani.

Binti yetu sasa ametimiza 18. Mwaka huu tumeanza upya, hisa moja kwa wiki, na ndugu yake hisa moja. Katibu wa kikundi alipofungua kitabu kipya alifika kwenye mstari wa lengo, akataka kuandika "harusi" kama zamani. Nikamwambia angoje amuulize mwenye kitabu. Binti alikuwa nje na ndoo ya maji kichwani. Akauliza ni lazima kuandika? Katibu akasema mstari hauwezi kukaa wazi.

"Basi andika: bado," akasema, akaenda zake na maji.